Oili inavuja juu ya injini: usikimbilie gasketi kabla hujajua inatokea wapi

Umesimamisha gari baada ya mwendo mrefu, umefungua boneti, na kabla macho hayajaona chochote pua imeshakwambia kwamba kuna oili inaungua mahali. Ni harufu nzito, inayokwaruza koo. Wengi wakiisikia tu hukimbilia dukani, na wanapofika kwa fundi tayari wana gasketi mpya ya tapeti kava mkononi. Wakati mwingine wamepatia. Wakati mwingine gasketi inafungwa, gari linaondoka, na baada ya wiki mbili linarudi likinuka vilevile.

Kazi yenyewe si ngumu. Hata kijana anayeanza gereji hupewa hiyo mapema. Na kwa sababu ni rahisi, watu huifanya bila kuuliza swali la kwanza: kwa nini gasketi ya zamani iliacha kuziba?

Tapeti kava ni kile kifuniko cha juu kabisa cha injini, ambacho mara nyingi ndicho chenye mdomo wa kujazia oili. Chini yake kuna kamshafti, roka na springi za valvu, yaani vyuma vinavyofungua na kufunga valvu, vyote vinaogeshwa na oili muda wote injini inapozunguka. Oili iliyo hapo haina presha ya pampu. Imeshafanya kazi yake, inarukaruka kidogo, kisha inateremka kwa uzito wake kurudi kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Kwa hiyo gasketi ya hapo haijatengenezwa kuzuia nguvu kubwa. Kazi yake ni kuzuia oili isichungulie nje. Ikianza kuvujisha, ama imekakamaa kwa joto, ama haibanwi sawasawa, ama kuna upepo ndani ya injini unaoisukuma oili itoke. Nikipata gari linalovuja juu, huwa ninatafuta mojawapo ya hayo matatu, na si ajabu nikakuta mawili kwa pamoja.

Kwanza: tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa

Oili hudanganya. Inatokea juu, inachuruzika chini, upepo wa feni na wa mwendo unaisukuma nyuma, na tone la mwisho linadondokea mahali pasipohusika kabisa. Niliwahi kushusha giaboksi ya gari moja nikiwa na hakika kwamba sili ya nyuma ya krankshafti, shafti kuu ya injini, imekufa, maana oili ilikuwa inadondoka pale pale injini inapokutana na giaboksi. Nimeishusha, sili naikuta kavu kama ilivyotoka kiwandani. Kupandisha macho juu, nyuma ya hedi (kile kipande cha juu cha injini kinachobeba valvu), nikaona mchirizi mweusi unaoanzia kona ya tapeti kava na kushuka mpaka chini. Siku nzima imekwenda kwa kitu ambacho tochi na kioo kidogo vingekionyesha kwa dakika mbili.

Tangu hapo sishuki chini kabla sijamaliza juu. Osha injini kwenye eneo linaloshukiwa kwa dawa ya kuondoa grisi, ikiwa imepoa, ukiwa umefunika alteneta na plagi za umeme kwa mfuko wa nailoni. Ikauke. Kisha nyunyiza poda nyeupe ya kawaida kuzunguka ukingo wote wa kava, washa injini, iache ipate joto, uendeshe kidogo. Oili inapochungulia, poda inageuka rangi mahali hapo hapo. Kwa mvujo wa polepole usioonekana siku hiyohiyo kuna rangi maalumu inayochanganywa na oili. Unaendesha siku mbili tatu, kisha unamulika kwa taa ya urujuanimno na njia yote ya oili inang'aa kama mstari wa kijani au wa njano.

Sehemu iliyolowa iliyo juu kuliko zote ndiyo chanzo. Yote yaliyo chini yake ni mafuriko tu.

Lakini usihukumu tapeti kava kabla hujawaangalia majirani zake. Mfuniko wa kujazia oili una raba yake, ikikakamaa oili hutambaa juu ya kava na kuonekana kama gasketi imekufa. Hiyo unaibadilisha kwa mkono bila spana. Sensa ya kamshafti imezibwa kwa oringi, pete ndogo ya raba. Kwenye injini zenye kamshafti inayobadilisha taimingi kuna valvu ya umeme inayoongoza oili, nayo ina oringi au kigasketi chake. Injini za zamani zenye distributa hupenda kuvujisha oili kwenye oringi ya distributa, nyuma ya hedi, mahali panapofanana kabisa na kona ya kava. Swichi ya presha ya oili nayo huvujisha, na hiyo inabeba oili yenye presha ya pampu, kwa hiyo inalowesha eneo kubwa kwa muda mfupi. Ukiona injini imemwagikiwa kana kwamba mtu ameinyunyizia, anza na swichi hiyo na kiti cha filta ya oili, acha kava.

Inanuka na kutoa moshi, lakini chini ya gari pakavu

Hapa ndipo tapeti kava hushukiwa kwa haki. Kwenye injini nyingi manifoldi ya ekzosi imekaa chini kidogo ya ukingo wa kava, upande mmoja. Oili ikichungulia upande huo inadondoka moja kwa moja juu ya chuma chenye joto la mamia ya nyuzi na kuungua hapo hapo. Haipati nafasi ya kufika chini. Mwenye gari anatazama sakafu, anaona pakavu, anajiambia hakuna shida, huku kijiti cha oili kinashuka taratibu.

Dalili yake ni moshi mwembamba wa rangi ya kijivu unaopanda ukisimama kwenye taa au foleni, na harufu inayoingia ndani ya gari hasa ukiwa umefungulia hewa ya nje, kwa sababu tundu la kuvutia hewa hiyo liko chini ya kioo cha mbele, nyuma tu ya injini. Ukiwa mwendoni harufu inapotea, upepo unaichukua.

Mvujo wa aina hii usiuweke kiporo. Mvuke wa oili ya injini unaweza kushika moto oili ikifikia nyuzi 200 na kitu hivi za Selsiasi, na manifoldi ya injini iliyofanya kazi ngumu huvuka hapo kwa urahisi. Mara nyingi hutoa moshi tu. Lakini ikiwa kuna tambara lililosahaulika au sponji ya kuzuia kelele iliyonyonya oili miezi kadhaa, moto hupata pa kuanzia.

Injini za boksa, kama za Subaru, ni habari nyingine. Silinda zimelala, kwa hiyo kava ziko ubavuni, na ukingo wa chini wa kila kava unakaa ndani ya oili hata gari likiwa limezimwa. Bomba la ekzosi linapita chini yake. Mvujo mdogo tu unatosha kunuka, na ukija kuzifungua uwe na beseni chini, maana oili itamwagika mara tu kava inapoachia.

Injini inamisi (inakosa kuwasha silinda), na ukichomoa koili inatoka imelowa oili

Injini nyingi za petroli zenye kamshafti mbili huweka plagi za cheche, na koili inayoipa kila plagi umeme, katikati ya hedi, ndani ya visima virefu vinavyopita katikati ya tapeti kava. Kila kisima kina raba ya duara inayozuia oili isiingie. Raba hizo zinapika kwa joto kuliko gasketi ya pembeni, na mara nyingi ndizo hufa kwanza. Oili inajaa kisimani polepole, raba ya koili inavimba na kulainika, umeme unatafuta njia fupi ya kwenda kwenye chuma badala ya kwenda kwenye ncha ya plagi, na injini inaanza kumisi. Taa ya injini inawaka, mashine ya kupima inatoa msimbo wa hitilafu P0300, au P0301 hadi P0304 kulingana na silinda.

Watu hubadilisha koili hapa, inapona mwezi mmoja, inakufa tena. Koili mpya ndani ya oili ileile.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa makini unapotoa plagi: oili iko upande gani? Ikiwa sehemu ya juu ya plagi, ile nyeupe na pale pa kushikia soketi, imelowa, lakini ncha yake ya chini ni kavu na ina rangi ya kahawia hafifu, basi oili imetoka juu na raba za visima ndizo zenye kosa. Ikiwa ncha ndiyo imelowa au imejaa masizi yenye mafuta, oili inatoka ndani ya silinda: ringi za pistoni au sili za valvu. Gasketi ya tapeti kava haitabadilisha chochote hapo. Na kama kisima kina maji badala ya oili, tazama mifereji ya maji ya mvua chini ya kioo cha mbele, au jiulize ni nani aliyeosha injini mara ya mwisho.

Usifungue plagi kisima kikiwa na oili. Ukilegeza tu, oili yote inaingia ndani ya silinda. Ivute kwanza kwa sirinji yenye mpira mwembamba, kisha futa kwa tambara lililozungushiwa kijiti, kisha puliza upepo kutoa mchanga. Nimeona watu wakipuliza upepo kabla ya kunyonya. Oili inawarukia usoni, na ni oili ya mwaka mzima.

Kuna injini ambazo kisima kimezibwa juu kwa raba ya kava na chini kwa oringi iliyofichwa chini ya vishikio vya roka au kamshafti. Ukishabadilisha raba za juu na kisima bado kinajaa, oringi hizo za chini ndizo zinazokucheka. Kuzifikia ni kufungua roka au kamshafti, na hapo kazi imeacha kuwa ya nusu siku.

"Fundi, gasketi ni mpya na bado inavuja"

Hili ndilo lalamiko ninalolipenda, kwa sababu hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Huwa nauliza swali moja: "Ulipoibadilisha, ile ya zamani ilikuwaje?" Kama jibu ni "ilikuwa ngumu kama plastiki, ilivunjika vipande", basi gasketi ilikuwa imekufa kweli na kosa liko kwenye ufungaji. Kama jibu ni "ilikuwa bado laini tu", basi mtu alitupa gasketi nzima, na kinachosukuma oili nje bado kipo.

Tuanze na upepo. Katika kila injini, hata iliyo mpya, sehemu ndogo ya gesi za mwako hupenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu. Gesi hizo zina njia yao ya kutoka: zinapanda mpaka kwenye kava, zinapita kwenye brita (njia ya injini kupumulia) na valvu ya PCV inayodhibiti gesi hizo, zinavutwa na manifoldi ya kuingizia hewa na kuchomwa upya. Valvu hiyo ikiziba kwa masizi ya oili, au mpira wake ukijaa uchafu, ndani ya injini panajaa kama chupa ya soda iliyotikiswa. Upepo hutafuta palipo dhaifu, na mara nyingi palipo dhaifu ni tapeti kava. Ukifunga gasketi mpya hapo, umeziba tundu moja. Baada ya muda inatafuta jingine, pengine sili ya krankshafti.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa na joto na inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua mfuniko wa kujazia oili na funika mdomo wake kwa glavu nyembamba ya mpira. Kwenye injini nyingi za petroli glavu inatakiwa kuvutwa ndani kidogo, au kutulia. Ikisimama na kuvimba kama puto, kuna msongamano. Chomoa valvu ya PCV uitikise: zile za kawaida hutoa mlio wa kitu kinachocheza ndani. Isipolia, imeganda. Mara nyingi ni kifaa cha bei ndogo, na ni nadra mtu kukumbuka kukibadilisha. Ukiweka valvu mpya, mpira ukawa safi, na glavu bado inavimba, ringi zimechoka. Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kabla hujaendelea kutesa kava.

Kinyume chake pia kipo. Baadhi ya injini za kisasa, zikiwemo kadhaa za BMW, zina utando mwembamba wa PCV uliojengwa ndani ya kava ya plastiki. Utando ukichanika, injini inavuta mno: unasikia mluzi, mfuniko wa oili ni mgumu kufunguka, na injini inayumba. Huko gasketi peke yake haisaidii, kava nzima ndiyo inabadilishwa.

Baada ya upepo, angalia bolti. Bolti nyingi za tapeti kava zina bega: zinaingia mpaka bega linagusa hedi, kisha zinagota. Kinachoibana kava chini si bolti yenyewe, ni zile raba ndogo zilizo chini ya kichwa chake. Raba zikikakamaa na kupungua unene, bolti itakwambia imekaza, spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) italia, na bado kava inacheza. Mtu anaongeza nguvu, bolti inakatika au inakula uzi wa hedi ya alumini. Kumbe dawa ilikuwa raba mpya. Ukinunua gasketi, hakikisha seti inakuja na raba za bolti na raba za visima. Kama hazimo, zitafute peke yake.

Na hiyo nguvu. Nati za tairi hukazwa karibu Nm (nyutoni-mita) 100. Bolti ya tapeti kava, ile ndogo ya M6, kwa kawaida ni Nm 8 hadi 10, na kila injini ina namba yake kwenye kitabu. Ni nguvu ya kiganja, si ya bega. Ukikaza kupita hapo, gasketi ya raba inafinywa mpaka inatoka kwenye mfereji wake, ile ya koki (kama kizibo cha chupa ya mvinyo) inapasuka, kava ya plastiki inapata ufa usioonekana, na ile ya bati inabonyea kuzunguka kila tundu, sehemu kati ya bolti na bolti zikabenuka juu. Kava ya bati iliyobonyea inanyooka: ilaze juu ya ubao, gonga polepole kuzunguka matundu kwa ndani mpaka irudi bapa. Kava ya plastiki iliyojipinda hainyooki. Weka rula ya chuma kwenye ukingo wake. Ukiona mwanga unapita chini ya rula, usipoteze muda.

Kisha silikoni. Kuna watu wanaopaka silikoni gasketi nzima, juu na chini, kama siagi kwenye mkate. Gasketi ya raba inataka kukaa kavu kwenye chuma kikavu. Silikoni inaifanya iteleze ikibanwa, na ziada inayofinyiwa ndani hukatika vipande ambavyo huishia kwenye kichujio cha pampu ya oili. Silikoni ina mahali pake pachache: pale kava ya taimingi inapoungana na hedi, kwenye ngazi za kishikio cha mwanzo cha kamshafti, na kwenye kona za zile raba za nusu mwezi zilizo mwisho wa hedi kwenye injini zinazozitumia. Tone dogo kila kona. Ukisahau kona hizo, hapo ndipo itakapovujia hata kama kila kitu kingine umekifanya kwa ustadi.

Oili inapungua, nje hakuna alama, hainuki

Hiyo si gasketi. Injini inakula oili ndani. Tazama moshi wa samawati kwenye ekzosi asubuhi unapowasha, au unapokanyaga baada ya kushuka mlima.

Na kama ukingo wa kava una jasho tu, vumbi limegandia lakini hakuna mchirizi, hakuna tone, hakuna harufu, futa na uangalie mwezi ujao. Injini ya miaka mingi ina haki ya kutoka jasho.

Kuibadilisha bila kurudia

Acha injini ipoe kabisa, chomoa waya hasi wa betri. Piga picha ya kila mpira na waya kabla hujagusa. Simu yako ni kitabu kizuri cha ufundi. Koili zipange kwa namba. Klipu za koili hukakamaa kwa joto na kuvunjika kirahisi, zibonyeze taratibu, usizing'oe. Utahitaji soketi ya milimita 10, ile ambayo haionekani kamwe siku unapoihitaji.

Kabla ya kulegeza bolti hata moja, puliza upepo kuzunguka kava yote. Mchanga ulio juu yake sasa ndio utakaoingia kwenye kamshafti dakika tano zijazo. Legeza kuanzia nje kuelekea katikati, nusu mzunguko kwa zamu, ili kava isijipinde. Ikigoma kuachia, igonge pembeni kwa nyundo ya raba. Kuingiza bisibisi chini ya ukingo na kuinyanyua kava nayo ni kukwaruza alumini, na mkwaruzo mmoja unaopita njia ya gasketi ni mvujo wa kudumu.

Kwenye injini nyingi za V zilizofungwa kwa upana wa gari, kava ya nyuma iko chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. Manifoldi lazima itoke na gasketi zake zibadilishwe. Ziba matundu ya hewa kwa tambara safi mara moja. Nati moja ikidondokea humo, utaitafuta kwenye silinda. Kwenye dizeli ambazo injekta zinapita katikati ya kava, kila injekta ina sili yake, na nyingine zinalazimu kutoa mabomba ya presha kwanza. Mabomba hayo hayafunguliwi injini ikiwa imetoka kuzimwa.

Kava ikishatoka, gasketi iliyokakamaa huvunjika. Kusanya vipande uvipange mezani mpaka umbo lote likamilike. Kikikosekana kimoja, kipo ndani ya injini, kitafute sasa.

Usafi ndio unaoamua. Futa mfereji wa kava na uso wa hedi mpaka tambara jeupe litoke jeupe. Tumia kikwaruo cha plastiki. Dawa ya kusafishia breki hufaa kwa mguso wa mwisho, mradi hakuna chuma cha moto karibu na hewa inapita. Oili inaendelea kupanda taratibu kutoka ndani ya hedi, kwa hiyo futa ukingo tena sekunde chache kabla ya kurudisha kava. Raba za visima zilizoshindiliwa ndani ya kava zitoe kwa uangalifu. Mpya zishindilie kwa soketi yenye upana sawa, zikae sawa, upande wenye mdomo ukielekea kama ulivyoukuta.

Ingiza gasketi kwenye mfereji wake ikiwa kavu. Kama inadondoka ukigeuza kava, vitone vidogo vya grisi nzito vinaishika. Weka matone ya silikoni kwenye kona, usikawie: nyingi zinataka kava ikae ndani ya dakika tano hivi kabla hazijaanza kuganda. Shusha kava wima, pasipo kuiburuza. Kisha, kabla ya bolti, pitisha kidole kuzunguka ukingo wote na umulike nyuma kwa kioo. Gasketi iliyobanwa nje ya mfereji huonekana sasa au huonekana barabarani.

Bolti zote ziingie kwa vidole kwanza. Isiyoingia kwa vidole imekaa upande, usiilazimishe. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, mzunguko wa kwanza nusu ya nguvu, wa pili nguvu kamili, kisha acha. Gasketi za koki hutaka kukazwa tena baada ya injini kupata joto na kupoa. Za raba hazitaki. Ukimwona mtu anarudi kila asubuhi kuongeza robo mzunguko, anakaribia kukata bolti.

Silikoni ipe muda ulioandikwa kwenye tyubu yake, nyingine saa 24 kuganda kabisa. Badilisha plagi na raba za koili zilizovimba, angalia mkanda wa alteneta na mipira ya radieta iliyokuwa chini ya mchirizi, maana oili hulainisha raba ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Pima oili kwa kijiti, ongeza iliyopungua.

Ukiwasha kwa mara ya kwanza kutakuwa na moshi na harufu. Usishtuke, ni oili ya zamani iliyobaki kwenye manifoldi na kwenye mianya usiyofikia. Hupungua kila safari. Baada ya siku tatu nne za kuendesha, injini ikiwa imepoa, chukua karatasi laini nyeupe, ipitishe kwenye ukingo wote wa kava, hasa kona za nyuma zisizoonekana. Ikitoka na vumbi tu, funga boneti. Ikitoka na alama ya oili, usiguse bolti. Chukua ile glavu, urudi kwenye mdomo wa kujazia oili.